Kwa anayerudi kwenye saksafoni baada ya miaka mingi

Kabla hujapuliza hata noti moja, ipeleke saksafoni kwa fundi. Pedi zake ni za ngozi, na ngozi iliyokaa sandukuni miaka na miaka hukauka, ikakakamaa, ikaacha kuziba matundu sawasawa. Upepo ukivuja huko juu, noti za chini hukataa kutoka, nawe utadhani ni mapafu yamezeeka. Wapo waliokata tamaa hapo hapo, ilhali kasoro ilikuwa kwenye ala. Unaweza kuipima nyumbani: zima taa chumbani, ingiza kitaa chembamba ndani ya bomba, kisha bonyeza vitufe taratibu bila kukaza. Ukiona mwanga unachungulia pembeni mwa pedi, hapo panavuja. Pedi ya noti ya G# nayo hupenda kunata, kwa kuwa isipopigwa hukaa imefungwa. Iinue polepole kwa kidole kabla hujaanza.

Ridi za zamani, vile vijiti bapa vinavyotetemeka kwenye kipulizio, zitupe. Anza na mpya za namba 2 au 2½, hata kama enzi zako ulipuliza 3 na zaidi. Ridi ngumu inadai mdomo ambao kwa sasa huna.

Na kazi yenyewe iko mdomoni. Vidole vitakushangaza, vitapita kwenye skeli ambazo kichwani ulishazisahau. Sikio nalo linaijua vizuri sauti uliyokuwa nayo, na ndiyo maana siku za mwanzo zinauma. Lakini misuli ya pembe za mdomo haikuwa na kazi nyingine ya kuifanya ibaki imara, kwa hiyo huchoka upesi, pengine ndani ya dakika kumi. Utajua: upepo unaponyoka pembeni, sauti inakonda, halafu unaanza kuuma bila kukusudia, hadi mdomo wa chini unabaki na alama za meno. Ukifika hapo pumzika. Vipindi vifupi viwili kwa siku vinajenga kuliko saa nzima ya kulazimisha.

Katika vipindi hivyo, mimi nazipa noti ndefu nafasi ya kwanza. Shika G ya kati, anza kwa sauti ndogo, ikuze, kisha ipunguze hadi iishe, huku ukitazama tuner, kipimo kinachoonyesha kama noti imepanda au imeshuka. Mshale ukipanda, umeanza kuuma. Legeza taya, sukuma hewa kutoka tumboni.

Shingo ikiuma, acha mkanda wa shingoni, tumia unaopita mabegani. Mwenye meno ya bandia aweke kibandiko cha mpira juu ya kipulizio, pale meno ya juu yanapokaa.

Halafu tafuta bendi mapema, usingoje uwe tayari. Omba sauti ya pili au ya tatu, ambako mistari kwa kawaida si migumu sana, ukae karibu na mtu anayepuliza vizuri, na pale mdomo unapogoma ruka mistari miwili, uingie tena.