Maswali yenu: chumba cha nyuma kule Harlem

Shikamoo mwandishi. Wiki iliyopita uliitaja Hoofers Club. Ilikuwa shule ya densi ya tapu, ile ya kugonga sakafu kwa viatu? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Haikuwa shule, maana hapakuwa na mwalimu wala ada. Kilikuwa chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa biliadi, jirani na ukumbi wa maonyesho wa Lafayette Theatre, mtaa wa Harlem, New York. Mwenye mahali, Lonnie Hicks, aliwaachia wachezaji wakitumie bure. Ndani mlikuwa na piano kuukuu na sakafu ya kugonga, basi. Jina lenyewe linatokana na neno la Kiingereza "hoof", yaani kwato: wacheza tapu walijiita "hoofers".

Sasa bila mwalimu walijifunzaje? (Msomaji, Mwanza)

Kwa macho na masikio. Chipukizi alikaa pembeni, akawatazama wakongwe, kisha akajaribu mwenyewe. Sharti lilikuwa moja: usiichukue hatua ya mwenzako vilevile ilivyo. Ukiichukua, itie chako. Naliheshimu mno sharti hilo, kwa kuwa ndilo lililoikuza tapu.

Na hawakumbembeleza mtu. Mnamo 1920 kijana John Bubbles, wa miaka 18 hivi, alicheza mbele yao wakamcheka mpaka akaondoka. Alikwenda kufanya mazoezi, na baada ya kama mwaka mmoja akarudi na mambo mapya. Hapo hakucheka mtu. Enzi hizo wengi walichezea ncha za viatu, mbiombio. Bubbles alipunguza kasi ili kisigino kipate nafasi. Hebu simama ujaribu: gonga kwa ncha mara mbili, halafu shusha kisigino kwa kishindo. Umeisikia ile sauti nzito ya chini? Ni besi, na inatoka mguuni mwako.

Jengo la Lafayette Theatre bado lipo? (Msomaji, Mombasa)

Halipo. Liligeuzwa kanisa, kisha likabomolewa 2013. Inauma.

Binti yangu amependa tapu. Ni lazima nimnunulie viatu vyenye vibati? (Mama, Nakuru)

Usijisumbue kwanza, mama. Mcheza tapu maarufu Bill Robinson, ambaye siku yake ya kuzaliwa, 25 Mei, ndiyo siku ya tapu Marekani tangu 1989, alisifika akicheza kwa viatu vya soli za mbao. Mwanao aanze na viatu vyake vya shule vyenye soli ngumu. Cha muhimu ni ubao mpana wa kuchezea, maana zege litamuumiza magoti.