Taka za Njiani Huanzia Jikoni

Mara ya kwanza kukuta hifadhi isiyo na pipa hata moja, nilikasirika. Nilikuwa nimetembea saa sita, chupa mbili tupu mkononi, na kwenye kidole ukining'inia mfuko wenye maganda ya machungwa na kopo la samaki. Njia nzima nilijipa moyo kwamba nikifika getini nitautua. Getini palikuwa na kibao tu: "Hakuna mapipa. Ulichoingia nacho, toka nacho." Chini yake, walionitangulia walikuwa wamepanga mifuko yao vizuri kabisa, imepigwa fundo, kana kwamba kibao ndicho pipa. Nami nikauweka wangu hapo hapo. Nikajiambia, si nimeufunga?

Kesho yake asubuhi nilipita tena pale. Usiku wanyama walikuwa wamekula karamu. Mifuko yote imepasuliwa, karatasi zimenasa vichakani. Kopo langu nililitambua kwa sababu nilikuwa nimelifungua vibaya, kifuniko kikabaki kimejikunja. Lilikuwa hatua kama kumi ndani ya majani, limelambwa mpaka linang'aa. Nilipitisha kidole ukingoni: mkali kama wembe. Kuna mnyama alikuwa ameingiza ulimi humo. Niliokota langu na mengine niliyoweza kuyabeba, na tangu siku hiyo sijawahi kuacha mfuko chini ya kibao.

Ile hasira ya "nimelipa kiingilio, pipa liko wapi?" naielewa, na siidharau. Lakini pipa likishawekwa porini linadai mtu wa kulimwaga, gari la kufika, mafuta, na barabara inayopitika msimu wa mvua. Sikukuu ikifika linajaa kabla ya saa sita mchana, na likijaa watu hawarudi na taka zao, wanazizungushia pembeni. Halafu wanakuja nyani, kunguru, au dubu kwa nchi zenye dubu. Mnyama akishazoea chakula cha watu anaanza kuvizia wageni, anafungua mabegi, anapora, na mara nyingine mwisho wake ni kuuawa kwa sababu amekuwa hatari. Ndiyo maana hifadhi nyingi za majimbo ya Marekani, zikiwemo za New Jersey na Massachusetts, zimeamua kuondoa mapipa. Mwaka 2014 Nepal iliweka sharti kwamba kila anayepanda Everest ashuke na kilo 8 za taka, na timu iweke amana ya dola 4,000. Kenya ilienda mbali zaidi: tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja, kama chupa za maji, sahani na mirija, haziruhusiwi kuingia kabisa kwenye hifadhi, misitu na fukwe zilizolindwa.

Mimi naipenda hiyo njia ya Kenya kuliko nyingine, kwa sababu ndicho nilichojifunza mwenyewe kwa kuchelewa. Ukisubiri kuwaza taka ukiwa kileleni, umeshashindwa. Taka zako ulizipakia mwenyewe, usiku ule wa kufunga begi.

Siku hizi kabla ya kuondoka namwaga kila kitu mezani na kuanza kuvua maganda. Biskuti zinatoka kwenye boksi, halafu kwenye kile kitrei cha plastiki kisicho na kazi, zinaingia kwenye chombo chenye mfuniko. Mayai nayamenya nyumbani. Karanga na matunda makavu vinachanganywa kwenye mfuko mmoja wa zipu ambao nimeuosha na kuutumia tena mpaka maandishi yake yamefutika. Samaki wa kopo nimeachana nao. Kilichoniachisha ni sweta. Kopo tupu lilivujisha mafuta ndani ya begi, yakalowesha sweta langu, nikalala siku mbili ndani ya harufu hiyo. Ukimaliza kazi hii, angalia rundo la vifungashio lililobaki mezani. Hilo lote ungelibeba mlimani, halafu ungelishusha.

Kitu ambacho watu hawakifikirii ni vipande vidogo. Kona ya pakiti unayoichana kwa meno. Kizibo. Uzi wa mfuko wa majani ya chai. Hakuna anayetupa kona ya pakiti kwa makusudi. Inaruka tu na upepo, na ukiinama kwenye sehemu yoyote ya kupumzikia utazikuta kumi, ishirini, rangi zote. Dawa yake ni rahisi: usiichane ikakatika kabisa. Chana mpaka karibu na mwisho, iache inaning'inia kwenye pakiti yake. Nimewafundisha watoto hili na sasa wao ndio askari wangu.

Kuhusu maganda ya matunda, tutabishana. "Si yataoza?" Yataoza, lakini mahali penye baridi au ukame ganda la ndizi linaweza kukaa miezi mingi, na muda wote huo linaita wanyama njiani. Vishungi vya sigara, ambavyo wengi hudhani ni pamba, ni plastiki. Tishu zenye unyevu nazo, nyingi zina nyuzi za plastiki ndani. Usichome taka ukidhani umemaliza: vile vifuko vya vitafunio vinavyong'aa ndani havigeuki majivu, vinabaki vipande vipande vya alumini ambavyo hakuna atakayeviokota. Kufukia ndiyo kabisa, wanyama wana pua na makucha.

Sasa haja kubwa, maana mtu ataniuliza. Pasipo na choo, chimba shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, umbali wa mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji, njia na mahali pa kulala, kisha ulifukie vizuri. Karatasi uliyotumia usiifukie, ondoka nayo. Pedi vilevile. Najua uso unaoukunja sasa hivi, niliukunja pia. Chukua mfuko wa zipu, uuzungushie utepe wa gundi nje ili kilichomo kisionekane, weka ndani kijiko cha majani makavu ya chai kupunguza harufu, basi. Kuna sehemu, kama Mlima Whitney kule California, ambako hata kinyesi chenyewe lazima ushuke nacho kwenye mfuko maalumu. Ukijua hilo, karatasi inakuwa jambo dogo.

Mfuko wa taka uweke mahali mkono unafika ukiwa bado umevaa begi. Ukilazimika kuvua begi kwa ajili ya karatasi ya pipi, karatasi itaingia mfukoni mwa suruali, na kutoka hapo itadondoka siku utakayotoa simu. Mimi natumia kopo pana la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha. Halivuji, halitoboki, na taka zinashindilika vizuri ndani yake. Mkienda kikundi, gawaneni mzigo kila mnapopumzika. Nimeona rafiki mmoja mpole akishuka na taka za watu tisa, tisa hao wakiwa mbele wanapiga picha. Safari iliyofuata hakuja.

Wengi tunateleza getini. Umechoka, gari linanuka, na kituo cha kwanza cha mafuta kina pipa dogo lililofurika. Unasukuma mfuko wako juu ya mingine na kuondoka. Hapo hujatoka na taka, umezihamisha kilomita chache tu. Weka ndoo yenye mfuniko nyuma ya gari kabla hujaanza safari, au mfuko mkubwa mgumu kama unasafiri kwa basi, na lengo liwe pipa la nyumbani kwako.

Wasimamizi wa hifadhi nao wana lawama yao. Kibao cha getini kinamfikia mtu ambaye ameshapakia. Sharti hili liandikwe pale mtu anapolipia, kabla hajaenda sokoni, na mgeni asiyejua apewe mfuko mlangoni badala ya kukaripiwa akitoka.

Nikirudi nyumbani, kabla ya kuoga, nafungua lile kopo juu ya gazeti na kuangalia nilichorudi nacho. Safari iliyopita vilikuwa vifuko vitatu vya chai, karatasi za pipi nne, betri moja ya tochi, na nusu ya soli ya kiatu niliyoiokota kwenye mteremko. Chai, safari ijayo, nitabeba ya majani kwenye kichupa. Soli sijui ni ya nani, ila huyo mtu alishuka akichechemea.