Mkuu usimlipe huyo jamaa, na babu yako mwache apumzike

Simama hapo hapo. Usimlipe. Kama umeshampa nusu, hesabu hiyo nusu imeliwa, usiongeze hata senti.

Nimesoma swali lako mara mbili. Umeuliza logo iwe rangi gani, uposti mara ngapi kwa wiki, ulipie matangazo au usubiri kwanza, halafu mwishoni kabisa, kama vile ni kitu kidogo tu, ukasema kuna mtaalamu "ananiandikia stori ya brendi" na mikoba yako ya ngozi itakuwa urithi wa babu fundi, vizazi vitatu. Wakati mwezi uliopita humu humu ulisema umejifunza kushona kwa video za YouTube na babu yako alikuwa dereva wa lori. Mkuu, mimi nimekumbuka na wala sikujui. Sasa ndugu zako je?

Mimi natengeneza sabuni za vipande. Nilikuwa nafanya usafi kwenye maofisi, mikono inashinda ndani ya maji na dawa, vidole vikawa vinapasuka mpaka kukunja ngumi ni shughuli, nikaanza kutafuta sabuni isiyo na manukato nikaishia kujipikia mwenyewe jikoni, na wateja wangu wa kwanza walikuwa wenzangu wa kazini wenye mikono kama yangu. Stori yote ndiyo hiyo. Na kumbe ndani yake kulikuwa na kila kitu: namuuzia nani, kwa nini, na hata kwa nini sabuni yenyewe hainukii. Ila mimi niliiona aibu. Nikajiambia nani atanunua sabuni ya mtu wa mopu.

Nikampata bwana mmoja, mtaalamu wa masoko, viatu vimechongoka mbele utadhani anaenda kuchoma nyama navyo. Akanisikiliza kama dakika tano akasema hiyo ya usafi haiuzi, inanuka shida, watu wanataka ndoto. Akauliza, bibi yako yupo? Nikasema alishafariki zamani. Akafurahi! Naapa yule mtu alifurahi.

Wiki mbili mbele nikawa na bibi mpya. Bibi anachuma majani usiku wa mwezi mpevu, bibi ana siri ya miaka mia, bibi kanirithisha mimi peke yangu kabla hajafumba macho. Kwenye boksi kuna picha yake, mikunjo mizuri, kilemba, anatabasamu. Chini yake herufi kubwa HAINA KEMIKALI. Na ile sabuni ya watu wanaoshinda na mikono majini ikageuka "kwa kila anayejipenda", yaani kwa yeyote, yaani hakuna. Nikachapisha boksi 2,000 kwa sababu aliniambia ukichapisha nyingi kila moja inakuwa rahisi. Ni kweli inakuwa rahisi. Hata kuzitupa ni rahisi, unatupa nyingi kwa mpigo.

Mwezi wa kwanza ziliuzika, siwezi kudanganya, na hapo ndipo ubaya ulipo, maana uongo ungekataa siku ya kwanza ningeokoka.

Alianza mama mmoja kwenye komenti, kwa upole kabisa: samahani, hii sabuni mmepikaje bila kemikali? Sabuni ya kipande ni mafuta na kostiki soda, bila kostiki hupati sabuni, unabaki na mafuta yako. Kostiki inaishia humo humo inapoungana na mafuta, ukipima vizuri haibaki, na hilo ningeweza kumweleza hata nikiwa usingizini, nina kovu lake mkononi la siku niliyojimwagia. Lakini ningeelezaje wakati boksi langu mwenyewe linasema haipo? Nikajibu kwa emoji ya ua. Ua, wakuu.

Halafu kijana mmoja akachukua picha ya bibi akaitafuta kwenye Google kwa picha, kazi ya sekunde tu. Kumbe bibi yangu ni bibi wa watu, picha ya kununua mtandaoni, na alikuwa ana shughuli nyingi marehemu: sehemu moja anauza dawa ya magoti, sehemu nyingine anatangaza bima ya maisha. Akaziweka zote pamoja akaandika "bibi mchapakazi".

Hapo bado ningeweza kuomba radhi yakaisha. Ila akaingia shangazi yangu. Shangazi wa kuzaliwa, mtoto wa huyo huyo bibi. Akaandika, "Mwanangu, mama hakuwahi kupika sabuni hata siku moja, na huyu kwenye picha ni nani?" Basi. Hakutukana, hakuniaibisha kwa makusudi, aliuliza tu kama mtu aliyeumia.

Na mimi nikafanya nini? Nikafuta komenti, NIKAMBLOKI SHANGAZI. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, kubwa kuliko maboksi, kubwa kuliko hela ya yule mwenye viatu. Watu walikuwa wameshapiga skrinishoti ya kabla na ya baada. Uongo peke yake wangeucheka wakasahau, lakini kufuta ukweli wa mtu wa damu yako kuliwaonyesha kwamba najua ninachofanya. Kuanzia hapo hata yaliyo kweli hayakuaminika. Nikisema haina manukato, "kama bibi vile". Nikisema inakaa wiki 4 mpaka 6 ikauke iwe ngumu ndiyo niiuze, na ni kweli inakaa, nina mashelfu nyumbani hata pa kupita hakuna, "labda inakauka mwezi mpevu". Duka moja lililokuwa limeagiza mzigo likaahirisha, na sijasikia tena kutoka kwao. Wale wenzangu wa usafi, walioninunulia nikiwa sina hata boksi, mmoja alinitumia ujumbe mfupi tu: "kwa hiyo sisi tulikuwa tunakutia aibu?" Huo sijaujibu mpaka leo, sijapata maneno.

Mtaalamu naye nilipompigia akaniambia nimeshindwa "kuisimamia simulizi". Simulizi yake! Jina lake halipo popote kwenye boksi, la kwangu ndilo lipo.

Sasa najua atakuja mtu hapa chini aseme mbona Häagen-Dazs, ile aiskrimu ya Marekani, ni jina la kubuni, mwanzilishi wake Reuben Mattus alikuwa mhamiaji kutoka Poland yuko zake New York, akaja na jina la kujifanya la Denmark mwaka 1960 na akatoboa. Sawa. Yeye alibuni jina, hakumbuni mama yake mzazi, na mwaka 1960 hakuna aliyekuwa na Google mfukoni. Ukitaka mfano wa kuiga mwangalie Yvon Chouinard, mwanzilishi wa kampuni ya nguo ya Patagonia, kabla Patagonia haijawa Patagonia: alikuwa anafua misumari ya chuma ya kupandia miamba, ndiyo biashara yenyewe, akagundua inapasua miamba, na katalogi yake ya 1972 ikawaambia wateja hivyo hivyo na kuwapa vifaa vingine vya kuchomeka bila nyundo. Alijitangaza kwa kosa lake. Wewe unaficha YouTube!

Kanuni yangu ni moja, nimeilipia: usiandike sentensi ambayo mteja akisema "nionyeshe" huna cha kumwonyesha. Chukua kila mstari aliokuandikia huyo jamaa uujibie. Vizazi vitatu, nionyeshe. Huna, futa. Babu fundi, nionyeshe, futa. Sasa upande wako: unashona kwa mkono, si ulisema sindano mbili uzi mmoja? Mshono huo ukikatwa sehemu moja haufumuki wote kama wa cherehani. Chukua wembe ukate uzi mmoja mbele ya kamera kisha uvute mkoba. Umeonyesha. Ule mkoba wa kwanza uliokatika mkanda ukaurudia bure, bado unao? Piga picha. Na useme unamshonea nani, mtu mmoja mwenye kazi yake na mzigo wake, ukisema kila mtu umerudi kwenye boksi langu. Sio kwamba umwage maisha yako yote na machozi juu, hakuna aliyeomba hayo, sema kile tu kinachohusu mkoba.

Mimi saa hizi naandika kwa peni kwenye karatasi ya kaki: imepikwa tarehe fulani, ina kostiki soda, haina manukato, kwa mikono inayoshinda majini. Wateja ni wachache kuliko ule mwezi wa bibi ila wanarudi, na manesi wameanza kuitana wenyewe.

Rangi ya logo sijui, yangu nilichora mwenyewe inafanana na yai. Mengine uliyouliza nimeyasahau na nimechoka kupandisha juu kusoma. Maboksi bado ninayo mengi tu chini ya kitanda. Shangazi tulishapatana, alichukua moja akaliweka sebuleni kwake, mgeni akiingia lazima atambulishwe kwa yule bibi.