Wasomaji Wanauliza: Nimemwambia Mola "ndiwe maji", nimekufuru?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi kijana wa Dunda hapa Bagamoyo, kutwa nipo soko la samaki, usiku natungatunga mashairi. Majuzi nilighani hii beti nyumbani:

Nimetazama bahari, mawimbi yakiinuka
Nikakuona Qahari, maji yalipotibuka
Ndiwe maji ndiwe hori, na ngalawa ikivuka
Mimi sipo upo Wewe, jina langu lafutika

Baba mdogo ambaye ni ustadh wa madrasa akawaka, akasema hiyo ndo panteizimu, imani ya wazungu kwamba Mungu ni miti na maji, nitubu na karatasi niichane. Ila kwenye dhikri nasikia masheikh wanasoma maneno mazito kuliko haya na watu wanalia. Sa nani yuko sawa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza usichane, beti imekaa vizuri, mizani kumi na sita kila mshororo, vijana wengi wa siku hizi hawahesabu kabisa.

Panteizimu ipo kweli, baba mdogo hajaizua. Ni kusema Mungu na ulimwengu ni kitu kimoja, ukishahesabu vyote vilivyopo umemaliza, hakuna Mungu aliyebaki pembeni. Anayetajwa sana ni Spinoza wa Amsterdam, Myahudi aliyetengwa na jamii yake mwaka 1656 akiwa na miaka 23, hata kitabu hajachapisha. Kitabu chake kikubwa kilitoka 1677 akiwa ameshafariki, na kimeandikwa kama hesabu za jometri, maana ya maneno kwanza, afu hoja, afu uthibitisho. Huyo ukitaka kumbana mbane, kasema jambo lake kwa akili baridi na anataka ukubali kwamba ndivyo ulimwengu ulivyo.

Mshairi wa kisufi, yaani Mwislamu wa njia ya dhikri na mapenzi ya Mola, hafanyi hivyo, yeye anasimulia hali iliyompata. Na we angalia beti yako mwenyewe, kila mahali unasema "Wewe", unamsemesha mtu, na palipo na wa kusemeshwa pana wawili, anayeita na anayeitwa. Mtu wa panteizimu akiwa mkweli kwa imani yake hana wa kumwita, atajiita mwenyewe au ataliita jiwe. Ndo maana mi nikisoma mashairi ya dhikri sikimbilii kumpa mtu jina la Kizungu, nauliza kwanza huyu bado anaomba au ameshaacha kuomba?

Maana hata nyenzo za lugha hii hawakuzitoa mbali. Qurani 50:16 Mola anasema yuko karibu na mtu kuliko mshipa wa shingo, 57:3 Yeye ndiye wa Mwanzo na wa Mwisho, wa Dhahiri na wa Siri. Kuna na hadithi qudsi, yaani maneno ya Mola kwa kinywa cha Mtume, ndani ya kitabu cha hadithi cha Bukhari, kwamba Mola akimpenda mja huwa ndo sikio lake analosikilizia na jicho lake analoonea. Ila baba mdogo naye ana 42:11, hakuna chochote mfano wake, na hiyo aya huwezi kuipita kwa pembeni hata uwe malenga wa namna gani.

Ugomvi wenu ni wa zamani sana. Hallaj, sufi, aliuawa Baghdad mwaka 922 na neno lake "Ana al-Haqq", yaani "Mimi ndiye Haki", Haki likiwa jina la Mola, ndo linakumbukwa, ingawa siasa za watawala nazo zilikuwemo tena nyingi tu. Ibn Arabi, sufi mwandishi, mzaliwa wa Murcia kule Andalusi aliyefariki Damascus mwaka 1240, mpaka leo kuna wanaomwita sheikh mkubwa kuliko wote na kuna wasiotaka kumsikia. Jibu ninalolipenda mimi ni la Ahmad Sirhindi wa India, alifariki 1624, yeye alisema jua likiwaka huzioni nyota, na mtu akisema naona jua tu kasema kweli, akisema nyota hazipo hapo kakosea. Yaani umoja upo kwenye kuona kwake yule mtu, vitu vyenyewe vipo palepale.

Sasa pima beti yako hapo. Mshororo wa nne sina neno nao, kujifuta mbele ya Mola ndo fanaa yenyewe, na Bagamoyo mji wa Qadiriyya, tarika ya kisufi, tangu enzi za Sheikh Ramiya (alifariki 1931) wapo wazee watakaokuelewa bila kuuliza. Tatizo ni wa tatu, hapo umeacha kusimulia ulichokiona ukaanza kutangaza Mungu ni nini, afu na ngalawa umeitia humohumo. Mimi ningeandika:

Si maji tena si hori, wala ngalawa kuvuka

Yaani vyote vimetoweka machoni pako, na mshororo wa nne unakuja wenyewe. Na chagua pa kughani. Ghazali, mwanazuoni mkubwa ambaye hakuwa adui wa masufi hata kidogo, alisema maneno ya wapenzi waliolewa kwa mapenzi ya Mola yafichwe, yasisimuliwe. Kwa wenzio wa dhikri soma, harusini kwenye watoto na wapita njia hapana, na nadhani hofu ya baba mdogo ndo hiyo hasa.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Nakaa karibu na Misheni Bagamoyo. Mtakatifu Fransisko wa Asizi kuliita jua kaka na mwezi dada, hiyo si kuabudu viumbe?

JIBU: Milele amina mama. Hapana, tena ni kinyume chake. Ule wimbo wenye maneno hayo aliutunga karibu na mwisho wa maisha yake, alifariki 1226, macho yakiwa yameharibika hata mwanga unamuumiza, na sifa zote anampelekea Bwana. Ukimwita mtu kaka umesema mna baba mmoja, hujasema yeye ndo baba. Paulo mwenyewe pale Athene (Matendo 17:28) alisema ndani ya Mungu tunaishi na kwenda, na palepale akawanukuu washairi wa Kigiriki, wapagani, bila kuona haya. Afu Fransisko mwishoni anakiita hata kifo dada, sa hapo nako tuseme alikuwa anaabudu kifo?