Sweta isiyo na mshono: kwa wewe unayeanza na uzi uliotia rangi mwenyewe

Kila anayekuja kujifunza kwangu hapa Nyahururu hutaka aanze kufuma siku hiyohiyo. Namwelewa. Ukiuona uzi wa sufu umening'inia kwenye kamba, manjano ikiingia kwenye kahawia, kahawia ikiingia kwenye kijani, mtu hutulii. Lakini sweta za namna hii nilizowahi kuona zimeharibika, nyingi ziliharibikia jikoni, kabla ya kitanzi cha kwanza. Kwa hiyo tuanzie kwenye sufuria.

Tia rangi uzi wote kwa wakati mmoja. Sweta ya mtu mzima, kwa uzi wa unene wa kati, hula kama gramu 500. Ongeza gramu 100 za akiba. Uzi ukikuishia umebakiza mkono mmoja, rangi ile huipati tena: maganda ya vitunguu ya wiki hii si ya wiki iliyopita, na mubangi, yale magugu ya maua ya manjano yanayojaa mashambani kwetu, wa shamba moja haufanani na wa jirani. Kwanza pasha uzi moto polepole kwenye maji yenye shabu, ile chumvi ya mawe inayoshikisha rangi, gramu 60 kwa gramu 500 za uzi kavu, ndipo uuingize kwenye rangi. Bila shabu, rangi nyingi za mimea hutoka na maji ya kwanza ya kufulia. Manjano ya bizari mimi siitumii kabisa kwenye sweta, hata ikipendeza kiasi gani. Jua huila haraka.

Moto uwe mdogo. Maji yafuke mvuke, yasitokote, na usikoroge. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na haraka, nikautoa uzi ukiwa moto na kuusuuza kwenye maji baridi ya bomba. Ulinywea ukashikana kama kipande cha blanketi, sikuweza kuutenganisha hata uzi mmoja. Acha uzi upoe ndani ya sufuria yake hadi asubuhi.

Sasa kipimo. Sweta za shule zinazofumwa kwa mashine hutoka vipande vinne, kisha hushonwa. Hii yetu inaanzia shingoni na kuteremka ikizunguka kwenye sindano ya mviringo, ile yenye waya laini katikati, na kila mzunguko ni vitanzi vya mbele vitupu. Ndiyo maana kitambaa cha majaribio lazima nacho kifumwe kwa kuzunguka. Wengi wetu mkono hulegea kidogo tunapofuma vitanzi vya nyuma, vile vya safari ya kurudi, kwa hiyo jaribio la kwenda na kurudi litakudanganya. Kifue kitambaa hicho, kikauke, ndipo uhesabu. Tuseme umepata vitanzi 20 kwa sentimita 10: kifua cha sentimita 100 ni vitanzi 200. Kumbe mkono wako halisi ni 18? Sweta itatoka na sentimita 111. Vitanzi viwili tu hivyo.

Kwa kipimo hicho mimi huanza shingo na vitanzi 92: 38 mbele, 38 nyuma, 8 kila bega. Nikimaliza ukingo, naweka alama nne kwenye mipaka na kuongeza vitanzi 8, kimoja kila upande wa alama, mzunguko mmoja ndiyo, mmoja hapana. Baada ya kuongeza mara 26 vinakuwa 300. Hapo mikono, vitanzi 60 kila mmoja, naiweka kando kwenye uzi wa rangi nyingine, naanzisha vitanzi 10 vipya chini ya kila kwapa, na kiwiliwili kinabaki na 200. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuivaa ikiwa bado kwenye sindano ukaona kama kwapa linabana. Ijaribu mara nyingi.

Kwenye rangi ndipo nataka usikilize zaidi. Kitita cha uzi kina mabaka yanayorudiarudia. Kwenye mzunguko wa vitanzi 200 baka la kijani linakuwa mstari mfupi, linatawanyika vizuri. Ukifika mkononi, vitanzi ni 70, vile 60 na 10 vya kwapani, na baka lilelile linazunguka karibu mkono mzima. Mabaka yanapandana, unapata pete, au doa moja kubwa kwenye kiwiko. Mwanafunzi wangu mmoja alilia kabisa, akidhani uzi ulikuwa mbovu. Uzi ulikuwa mzima. Dawa yake ni kufuma na madonge mawili kwa zamu, mizunguko miwili hili, mizunguko miwili lile, tangu shingoni hadi ukingo wa mwisho, na kwenye mikono pia. Usikate uzi, upandishe tu kwa ndani, na usiuvute pale unapobadilisha. Ukiuvuta utaona mfereji umeshuka ubavuni.

Kwapani, unaporudi kuuchukua mkono, okota vitanzi viwili vya ziada kila pembe, kisha vipunguze mzunguko unaofuata. La sivyo tundu litabaki, na kulishona baadaye huonekana.

Ukimaliza, loweka sweta kwenye maji vuguvugu pamoja na kitambaa cheupe ili uone kama rangi inatoka. Ikamue kwa kuizungushia taulo, usiisokote. Usiianike kwenye kamba, maana uzito wa maji utaivuta mikono mpaka magotini. Itandaze juu ya gunia safi kivulini, inyooshe mabega kwa viganja, na uigeuze siku ya pili. Julai, kwa baridi ya huku, kukauka huchukua siku tatu.