Panya "walitolewa kafara"?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninafanya kazi katika maabara hapa Moshi. Tunapima usalama wa dawa za mitishamba kwa kutumia panya weupe. Ripoti yetu inakwenda kamati ya maadili ya utafiti, na safari hii tumeombwa muhtasari wa Kiswahili. Mimi niliandika "panya waliuawa siku ya 28". Mwenzangu akafuta, akaweka "panya walitolewa kafara", anasema ndiyo lugha ya kisayansi. Mkuu wetu naye anataka "sampuli zilihitimishwa". Tufuate ipi? Na simbilisi, yule mnyama mwingine wa maabara ambaye Waingereza humwita "guinea pig", ni sahihi kumwita "nguruwe wa Guinea"?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ulichoandika wewe ndicho, na usikubali kifutwe.

Mwenzako hakulitunga neno lake, amelitafsiri. Watafiti wanaoandika kwa Kiingereza wana mazoea ya siku nyingi ya kusema mnyama wa maabara ametolewa sadaka, na yeye amelibeba hivyo hivyo. Lakini kwetu maneno hayo yana kazi zake tayari. Kafara asili yake ni Kiarabu, kwenye mzizi wa kufunika, yaani kufunika dhambi, na katika Kiswahili ni kitu kinachotolewa ili balaa au maradhi yaondoke. Sadaka hutolewa kwa kutaraji thawabu. Tambiko, ambalo wazee wa huku mlimani wanalielewa kuliko kafara, lina mizimu wanaoombwa na mzee wa ukoo anayelisimamia. Anayejitoa mhanga hujitoa kwa hiari yake, kwa ajili ya wengine. Panya wako hakuwa na hiari, na hapakuwa na Mungu wala mzimu aliyekuwa akimngoja. Aliuawa ili ini na figo zake zikatwe vipande na kutazamwa kwa hadubini. Ukiandika kafara, umemvika mtafiti kanzu ya kuhani, na mjumbe wa kamati ataona haya kuuliza maswali aliyowekwa pale ayaulize.

Kuchinja nako hukuuliza, ila nimekuona kwenye ripoti nyingine. Desemba ikiingia Moshi hakuna asiyejua kuchinja ni nini: kisu, koo, na damu inayokingwa kwenye bakuli kwa ajili ya kisusio, ile supu ya damu. Panya aliyezidishiwa dawa ya usingizi hakuchinjwa. Aliyevunjwa shingo naye hakuchinjwa, na hiyo shingo iandikwe. Kamati inataka kujua njia iliyotumika, kama mnyama alikuwa na fahamu, na kama mkono uliofanya umefunzwa. Mimi ningeandika hivi: "Siku ya 28 panya wote waliuawa kwa kuzidishiwa dawa ya usingizi, mtaalamu aliyefunzwa alihakikisha wamekufa kabla ya kupasuliwa." Neno kuua ni zito, najua. Jambo lenyewe ni zito.

La mkuu wenu ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu linasikika la kistaarabu. Kinachohitimishwa ni kazi, hotuba, masomo. Na tazama kilichotokea kwenye upatanisho: panya alikuwa "wa", sasa amekuwa "zi". Kiswahili kina jambo moja ambalo huwa tunalipita bila kulisalimu. Kifaru, kiboko na kipepeo wana "ki" ya vitu mbele ya majina yao, hata hivyo kifaru anakunywa maji, kipepeo ametua. Uhai unashinda umbo la neno. Najua wapo wasemao "mbuzi zangu", nami sina ugomvi nao, ni Kiswahili cha siku nyingi. Lakini msikilize huyo huyo akimalizia: mbuzi zangu wamepotea. Kitenzi kinarudi kwa walio hai. Neno "sampuli" linavunja ulinzi huo. Sampuli zilikusanywa, zilitunzwa, zilihitimishwa, na msomaji anafika mwisho wa ukurasa bila kukutana na kiumbe anayeweza kuumia. Damu mliyotoa ni sampuli. Kipande cha ini ni sampuli. Aliyetolewa damu ni panya, naye ni "a" mpaka pumzi ya mwisho. Baada ya hapo lugha yenyewe inahama: mzoga ulichomwa. Hapo upatanisho wa "u" ni halali yake.

Niliwahi kuonyeshwa jinsi vyandarua vyenye dawa vinavyopimwa. Kuna kisanduku kirefu cha kioo, sentimita 60 kwa urefu, na kwenye theluthi moja ya urefu huo kimekatizwa na kipande cha chandarua kilichotobolewa matundu tisa, kila tundu sentimita moja. Upande mmoja anawekwa simbilisi, asiweze kugeuka huku na huku. Upande wa pili wanaachiwa mbu majike 100. Wanaachwa gizani tangu saa 12 jioni hadi saa 3 asubuhi, ndipo wanahesabiwa: wangapi wamepenya, wangapi wameshiba damu, wangapi wamekufa. Asubuhi ile mhudumu alimtoa simbilisi, akamkagua masikio na tumbo, akaandika kwenye daftari lake: "Amekula. Ana vipele sikio la kushoto. Apumzishwe." Maneno saba, na kila kitenzi kinamhusu mnyama aliye hai. Ripoti iliyochapwa baadaye ilimwita "chambo". Ningekuwa mjumbe wa kamati ningeomba lile daftari.

(Mbu nao ni "wa", kama ulivyoona, ingawa kamati nyingi haziwaulizii. Sheria ya Uingereza ya 1986 kuhusu wanyama wa utafiti ilianza na wenye uti wa mgongo tu, na pweza akaongezwa mwaka 1993. Sarufi yetu haikuwahi kuweka mpaka huo.)

Kwa kuwa muhtasari ni wa kamati, mtaziandika pia zile kanuni tatu za kutumia wanyama katika utafiti, za wanasayansi William Russell na Rex Burch za mwaka 1959. Mbili hazina shida: kutumia njia mbadala isiyohitaji mnyama, na kupunguza idadi. Ya tatu nimeiona ikiandikwa "kuboresha", na hapo msomaji atadhani mnaboresha jaribio. Andikeni "kupunguza maumivu na mateso". Neno la jumla mkilihitaji, ni ustawi wa wanyama, kama lilivyo kwenye jina la sheria yetu ya 2008.

Angalieni pia hilo neno panya. Sisi tunalo moja kwa wanyama wawili wa maabara: yule mdogo wa gramu ishirini na kitu, na yule mkubwa anayeweza kufika mia tatu na zaidi. Kipimo cha dawa cha mmoja kinaweza kumuua mwingine. Andikeni "panya mdogo" au "panya mkubwa", na uzito wake papo hapo. Msimwite mkubwa "buku", huyo ni mwingine kabisa, ndiye wale wa Morogoro wanaofunzwa kunusa mabomu.

Na simbilisi abaki simbilisi. Si nguruwe, wala kwao si Guinea. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Watu wa Nyanda za Juu Kusini wamemfuga majumbani na wanamwita kwa jina hilo. Kamati ikitaka uhakika, ongezeni jina la kisayansi, Cavia porcellus, mara moja tu mwanzoni, kisha endeleeni: simbilisi alilishwa, simbilisi alipumzishwa.