Nyundo Haiingizi Mpira wa Haidroliki

Juzi mchana kijana mmoja aliyenunua trekta mwaka huu aliniandikia: "Shikamoo kaka. Mpira wa haidroliki wa haro umegoma kuingia. Nimesukuma mpaka viganja vinawaka. Nikigonga na nyundo kidogo pale katikati kuna shida?"

Mpira huo ni bomba linalopitisha mafuta ya presha kutoka kwenye trekta hadi kwenye haro, lile jembe la diski. Sikujibu kwa maandishi. Nilipiga simu palepale. Alipopokea nikamwambia weka nyundo chini kwanza, ndipo tusalimiane. Nikasikia chuma kikigonga jiwe.

Waliokuwepo Kiteto msimu ule wanajua kwa nini niliharakisha. Mimi huku naitwa Nyundo. Kuna watu mnadani hawajui jina nililopewa na wazazi wangu. Leo nina trekta mbili, nina vijana wanne wanaokula kupitia mikono yangu, nalima mpaka mashamba ya upande wa Kongwa, lakini nikishuka Kibaigwa kuuza mahindi kuna mzee mmoja mnene bado ananiita kutoka ng'ambo ya barabara: "Nyundo! Umekuja na nyundo yako?" Nacheka naye. Moyoni sicheki.

Basi ngoja niwaeleze, maana najua wengi mnaosoma hapa mnataka njia hii hii: trekta yako, haro yako, wateja wanapanga foleni mvua ya kwanza ikidondoka. Habari za mkopo nairuka, kila mwenye trekta anaijua na haina utamu.

Mwaka 2018 nilikuwa na Massey Ferguson 385 ya mtumba na haro ya kuvuta, ile nzito yenye matairi mawili katikati na jeki ya haidroliki. Ukiingiza mafuta kwenye jeki, matairi yanashuka na haro inanyanyuka, unasafiri nayo barabarani. Ukifika shambani unayarudisha matairi juu, diski zinakaa kwenye udongo, kazi inaanza. Ina mipira miwili, mmoja wa kunyanyua na mwingine wa kushusha.

Dereva wangu alikuwa mzee mmoja tuliyemwita Babu. Alianza kuendesha trekta kwenye mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la kilimo la serikali, kule Hanang', enzi za mradi wa Wakanada, na hakuacha kutukumbusha. Babu alikuwa na ibada yake jioni. Anashusha haro mpaka diski zote zikae chini. Anazima injini. Halafu anabaki kitini, anashika liva za haidroliki na kuzipeleka mbele, nyuma, mbele, nyuma, mara nne au tano, taratibu kama mtu anayesaga ugoro. Akishuka anatoa kitambaa mfuko wa nyuma, anafuta vichwa vya mipira, anavuta pete ya nje ya kapula, lile tundu la trekta mpira unapoingia, mpira unatoka kwa mkono mmoja bila hata kusikika. Anavalisha kila kichwa kifuniko chake, anaitundika mipira kwenye ndoano. Ndipo anaomba maji ya kunywa.

Mimi nilikuwa nimetoka ofisini Dodoma juzi tu. Nilikuwa napiga hesabu za ekari kwa saa. Nikamwona Babu anachezea liva za trekta iliyozimwa, nikaona huyu mzee ananilia muda. Nilimwambia hivyo, na nilimwambia mbele ya utingo. Mwezi wa kumi nikamlipa chake, akarudi kwao Gairo. Nikashika usukani mwenyewe.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela zote nilizopoteza.

Wiki ya tatu ya Novemba nilirudi usiku nimechoka. Uwanja wa nyumbani ni mgumu na una mteremko, nikaona nikishusha haro pale nitapata tabu kuinyanyua alfajiri. Nikaiacha imesimama juu ya matairi yake. Nikazima, nikachomoa mipira kwa nguvu, mafuta yakanirukia kifuani, nikaitupa mipira chini, nikaondoka na trekta kwenda kuvuta tela la mbegu.

Sasa fikirini mafuta yale yako wapi. Haro nzima imekalia jeki, na jeki inashikiliwa na mafuta yaliyofungiwa ndani ya mpira. Kinachoyazuia ni kile kichuma kidogo cha katikati kwenye kichwa cha mpira, chenye springi, kinachobonyea ukiingiza kwenye kapula. Kidogo kama kifundo cha kidole. Kesho yake jua likaanza kuupiga mpira, na mafuta yakipata joto yanatanuka. Hayana pa kutanukia. Presha inapanda hata kama trekta iko kilomita kumi kutoka pale.

Saa nane mchana nikarudi kuifunga haro. Mpira wa kunyanyua ukakataa. Nikausukuma kwa mikono, nikausukuma kwa goti, nikamwita utingo tusukume wawili. Kumbuka, trekta nyingi zinafanya kazi kwa presha ya karibu bar 200, ambayo ni mara mia ya upepo wa tairi la gari dogo. Misuli ya nani itashinda hapo? Mteja mwenye ekari 60 alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, anatazama saa. Ndiyo, yule mzee mnene.

Nikachukua nyundo.

Pigo la kwanza halikufanya kitu. La pili kichuma kikapinda kikabaki ndani, na mafuta yakatoka kama bomba la mtaa lililopasuka. Nikafanya ujinga juu ya ujinga: nikaziba kwa kiganja. Huku nyuma haro ikaanza kushuka. Haikuanguka kwa kishindo. Ilipiga magoti polepole, kama ngamia. Chini ya diski za mbele kulikuwa na dumu la njano la lita 20 la dizeli. Diski ikaligusa, dumu likajikunja, likatoa mlio kama mtu anayeguna, kisha likachanika na dizeli ikamwagika kwenye vumbi. Utingo alikuwa amechuchumaa kando ya dumu lile dakika mbili kabla sijamwita aje kusukuma.

Hakuna aliyesema neno. Kisha yule mzee akasema, "Huyu ni Nyundo," akapanda pikipiki yake. Ekari 60 zikaenda kwa mwingine, na hadithi ikafika Kibaigwa kabla yangu.

Yaliyofuata ni ya kawaida: kichwa kipya kutoka Dodoma, siku nne zimekufa, mvua inanyesha kwa majirani. Ila kuna moja niliiona baadaye. Ile mipira niliyoitupa chini niliipangusia kwenye suruali tu, nikaifunga. Baada ya siku chache liva ikaanza kunata, na haro ikawa inajishusha yenyewe barabarani. Mchanga ulikuwa umeingia kwenye valvu. Na kwenye Massey ya aina ile, mafuta ya haidroliki ndiyo hayo hayo ya giaboksi na difu, kwa hiyo uchafu ulioingia kwenye ncha ya mpira unatembelea trekta nzima. Fundi alipofungua akanionyesha chembe kwenye ncha ya bisibisi, ndogo kuliko punje ya ulezi. Akanitoza kama vile alikuwa ametoa jiwe.

Sasa ushauri, maana mtasema Nyundo anasimulia tu.

Shusha kifaa chini. Zima injini. Chezesha liva mbele na nyuma mara kadhaa mpaka presha iishe, au iweke kwenye nafasi ya kuelea, ile inayoacha mafuta yapite bila presha, kama trekta yako inayo. Trekta mpya zenye vitufe badala ya liva, nyingine zinataka swichi iwe imewashwa hata kama injini imezimwa, soma kitabu chake. Hapo ndipo uchomoe. Presha haizimwi na ufunguo, vijana. Narudia: kifaa chini, injini imezimwa, liva mbele na nyuma. Ni dakika moja na nusu. Nimempima Babu kichwani mara nyingi tangu aondoke, haijawahi kuzidi mbili.

Kufunga ni hivyohivyo. Futa kichwa, futa na kapula, chezesha liva, sukuma ukiwa umenyoosha mpaka isikike "tak", halafu uvute kidogo kuhakikisha imeshika. Usiamini "tak" peke yake. Hakikisha mipira ina urefu wa kutosha trekta inapokata kona na haigusi tairi wala shafti ya PTO, ile inayozungusha vifaa nyuma ya trekta.

Ukigeuza mipira, liva ya kunyanyua itashusha, na siku utakayosahau kutakuwa na mtu nyuma. Mimi nakata vipande vya tyubu ya baiskeli. Pete moja kwenye mpira wa kunyanyua, pete mbili kwenye wa kushusha, na kwenye kapula za trekta napaka mistari ya rangi kwa hesabu hiyo hiyo. Utingo mgeni anaelewa bila kufundishwa.

Na kama presha imeshafungiwa na mpira hauingii? Kama kifaa kimesimama juu ya jeki, kwanza weka ile pini ya kufungia safari au ukitegemeze kwa magogo imara, na asiingie mtu chini yake, hata kuokota spana. Halafu chezesha liva, huenda presha iko upande wa trekta. Ikikataa, acha. Funika mipira isipigwe na jua, subiri ubaridi wa alfajiri, mara nyingi inaingia yenyewe. Kama una haraka kuliko hapo, ita fundi alegeze kiungo cha mpira kwa spana, robo ya mzunguko, tambara limefunika kiungo na uso wake uko pembeni.

Kuhusu kile kiganja changu, nilipona kwa sababu tundu lilikuwa pana. Linaloua ni tundu dogo, lile usiloliona, unaloona ukungu tu kwenye mpira uliochakaa. Mafuta yanayotoka hapo yanapenya ngozi kama sindano. Kidonda kinakuwa kama umechomwa na mwiba, hakiumi sana, unajipaka spiriti unaendelea na kazi, kumbe nyama inaoza ndani na kidole kinakwenda. Ukitafuta uvujaji tumia kipande cha boksi, usipitishe mkono. Na ikikupata, usingoje kesho. Nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo, umwambie wazi mafuta ya haidroliki yameingia chini ya ngozi, kwa sababu akikitazama kile kidonda kwa macho tu anaweza kukupa plasta.

Sisi vijana tuliotoka mjini tuna ugonjwa wa kudhani kila anayekwenda polepole hajui. Mimi nilikuwa na digrii na kikokotoo. Babu alikuwa na kitambaa mfuko wa nyuma. Ukipata dereva mzee, kabla hujamhesabia dakika muulize anafanya nini. Mimi sikuuliza. Mwaka uliofuata nilikwenda Gairo kumwomba radhi, nimebeba sukari na kitenge cha bibi. Alipokea, akanikaribisha uji, akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu: "Na utingo hakuumia?" Nikamwambia hakuumia, Babu. Akarudi kwenye mambo ya mvua. Kazi yangu hakuitaka tena, na sikuwa na uso wa kumbembeleza.

Yule kijana wa juzi alinisikiliza. Alifunga pini, akafunika mipira kwa gunia, akalala. Jana saa kumi na mbili asubuhi kanitumia picha: mpira umeingia, yeye anacheka, dole gumba juu. Nikaikuza ile picha. Nyuma ya mguu wake mpira wa pili umelala mchangani, hauna kifuniko.

Nikampigia tena.